NVDA baada ya miaka sita kazini: tathmini ya kisoma skrini kisichouzwa

Ripoti ya mwaka kuhusu ujumuishi katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilinifikia kwa barua pepe, ikiwa faili la PDF lenye kurasa 46. Nilipolifungua, kisoma skrini changu, yaani NVDA, programu inayonisomea kompyuta kwa sauti kwa kuwa sioni, kilitamka neno moja tu, kwamba waraka ni mtupu, kisha kikanyamaza. Aliyeiandaa ripoti alikuwa ameichapisha, akaipeleka kwa wakurugenzi waitie sahihi, halafu akaiskani yote, hivyo kilichobaki ndani ya faili kilikuwa picha za kurasa, pasipo hata herufi moja ambayo kompyuta ingeweza kuitambua. Nilibonyeza kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na R, na programu ikaanza kuyatambua maandishi ya ile sehemu tu iliyokuwa ikionekana kwenye skrini, nikasogeza, nikabonyeza tena, nikasogeza tena, na baada ya karibu saa mbili nikafika kwenye sura iliyohusu watumishi wenye ulemavu. Sura hiyo ilikuwa na aya mbili, na ya pili ilinizungumzia mimi.

Siku ile NVDA ilinifikisha mahali ambapo mwandaaji wa waraka hakuwa amefikiria kwamba mtu kama mimi angetaka kufika, lakini ilinifikisha kwa kunikokota. Nimeitumia programu hii kila siku ya kazi kwa miaka sita nikiwa afisa utumishi asiyeona, na ninayoyaandika hapa kuhusu ubora wake na upungufu wake yametoka katika matumizi hayo.

NVDA ni programu ya kompyuta za Windows inayomsomea mtu asiyeona yaliyomo kwenye skrini, ama kwa sauti, ama kwa kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kilichounganishwa na kompyuta. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na akaungana naye James Teh, asiyeona pia, ambaye walifahamiana tangu utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Mwaka 2007 waliunda shirika lisilo la faida linaloitwa NV Access, ambalo ndilo linaloisimamia programu hadi leo. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya Python, na watu wa kujitolea wameitafsiri katika lugha zaidi ya 50. Anayeweza kuchangia huchangia, asiyeweza huipakua bure, na wote wawili hupata programu ileile, isiyopunguzwa chochote.

Hilo la kutouzwa linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu watu wanaoona hudhani ni suala la kubana matumizi tu. Visoma skrini vya kulipia vilikuwapo muda mrefu kabla ya NVDA. JAWS, inayojulikana kuliko vyote, ilianza mwaka 1989 na toleo la DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, na ni programu nzuri ambayo siwezi kuibeza hata kidogo. Ila leseni yake ni ghali, na mfanyakazi wa kawaida hawezi kujinunulia, kwa hiyo analazimika kumwomba mwajiri, na mwajiri anaipeleka kwenye manunuzi, na manunuzi wanataka ankara tatu za kulinganisha kwa kitu ambacho hakina wauzaji watatu. Katika ajira yangu ya kwanza nilisubiri leseni kwa miezi minne, ambayo ilikuwa zaidi ya nusu ya kipindi changu cha majaribio, na katika miezi hiyo mwenzangu wa meza ya pili alinisomea barua zangu kwa sauti ya chini. Alikuwa mwema sana. Lakini barua za utumishi ni siri za watu, na kila alipoanza kunisomea kuhusu likizo ya ugonjwa ya fulani au onyo la fulani, wote wawili tulijua kwamba tunavunja kanuni ambayo ofisi yenyewe ilitupa tuitie sahihi. Tathmini ya majaribio ilipofika, iliandikwa kwamba ninahitaji msaada mwingi. Ninaamini mwandishi wake hakuwa na nia mbaya. Aliandika alichokiona, na alichokiona ni mtu aliyenyimwa kitendea kazi.

Kazi ya pili niliipata kwa flashi. NVDA inaweza kutengenezewa nakala ya kubebeka, yaani unaiweka yote kwenye flashi pamoja na mipangilio yako, sauti uliyoizoea na mwendo wa usomaji uliouchagua, kisha unaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows na kuanza kazi bila kusakinisha kitu. Usaili ulikuwa na jaribio la kuandika barua mbili na kupanga jedwali la mahudhurio, na msimamizi alipoanza kueleza kwa aibu kwamba hawakuwa wamejiandaa kwa mtu kama mimi, nilimwomba ruhusa ya kuchomeka flashi na kuvaa hedifoni. Dakika mbili baadaye nilikuwa ninaandika. Nakala hiyo ina mipaka yake, kwa mfano haiwezi kusoma skrini ya kuingilia Windows wala yale madirisha ya usalama yanayotaka kibali cha msimamizi, hivyo mtu mwingine alinifungulia mashine. Yaliyobaki niliyafanya kwa vidole vyangu kwenye mashine ileile waliyoitumia wengine, kwa muda uleule.

Sioni jambo jingine katika teknolojia ya ofisini ambalo limesogeza usawa kwa kiasi hicho. Uamuzi wa kama nitasoma au sitasoma ulitoka mikononi mwa idara ya manunuzi, ukaja mfukoni mwangu. Na si mimi peke yangu, kwani katika utafiti wa WebAIM, shirika linalofuatilia kama tovuti zinatumika na watu wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2024, uliojibiwa na watumiaji 1,539 wa visoma skrini, asilimia 40.5 walisema wanategemea zaidi JAWS na asilimia 37.7 wakasema NVDA. Kwa programu iliyoanzwa na kijana mmoja, na kutunzwa kwa michango na ufadhili, kukaribiana huko na bidhaa iliyotangulia kwa miaka mingi ni jambo kubwa mno.

Kuhusu matumizi yenyewe, anayeanza asitarajie wepesi. Kipanya unakisahau, kazi yote inakuwa ya kibodi, na kuna amri nyingi za kukariri. Kwenye ukurasa wa tovuti herufi H inakurusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, B kwenye kitufe, F kwenye sehemu ya kujaza fomu, T kwenye jedwali, na ukishika Shift pamoja na herufi hizo unarudi nyuma. Ukibonyeza kitufe cha NVDA pamoja na F7 unapewa orodha ya viungo vyote au vichwa vyote vya ukurasa, nami huitumia kama mtu mwingine anavyoupitisha ukurasa kwa jicho kabla ya kuamua kama unafaa kusomwa. Control inanyamazisha sauti papo hapo. Amri ambayo ningemfundisha mgeni kwanza ni kitufe cha NVDA pamoja na 1, kwa sababu inafungua hali ya mafunzo ambamo kila kitufe unachobonyeza kinajieleza kazi yake bila kufanya chochote. Nilikaa nayo jioni tatu mfululizo, na zilinisaidia kuliko mwongozo wowote. Baada ya mwezi mmoja vidole vilikuwa vimezoea, na baada ya mwaka nilikuwa ninasikiliza kwa mwendo ambao wenzangu wanaopita karibu na spika husikia mlio tu, pasipo kutambua kwamba ni lugha ya binadamu.

Sauti inayokuja na programu ni ya eSpeak NG, programu huria ya kugeuza maandishi kuwa matamshi, na Kiswahili kimo. Ni sauti kavu, ya kimashine, isiyo na haya hata kidogo ya kutamka neno zuri vibaya, na mtu aliyezoea sauti laini za simu atakunja uso siku ya kwanza. Mimi nimeipenda kwa sababu haipotezi silabi hata inapokwenda kasi, na kwa kazi ya kukagua majina na tarehe hicho ndicho ninachokihitaji. Tatizo linalonichosha halitokani nayo. NVDA hubadilisha lugha ya usomaji yenyewe pale ambapo ukurasa umetaja katika msimbo wake kwamba umeandikwa kwa lugha fulani. Tovuti nyingi za Kiswahili ama hazitaji lugha yoyote, ama zimeachiwa alama ya Kiingereza iliyokuja na kiolezo, na hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu programu inatii. Nimesikia neno "wafanyakazi" likitamkwa kwa matamshi ya Kiingereza mpaka likawa kitu kisichotambulika, nimesikia "ng'ambo" ikivunjwa vipande viwili, nikalazimika kuingia kwenye mipangilio na kuzima ubadilishaji wa lugha ili nisome tangazo la aya nne. Kurekebisha kosa hilo kwa mwenye tovuti ni kuandika herufi mbili, sw, mahali pake.

Hapa ndipo tathmini ya NVDA inapogeuka kuwa tathmini ya wengine, na sidhani naweza kuikwepa. Programu inasoma kilichoandikwa. Picha isiyo na maelezo haiwezi kuieleza, kitufe kisicho na jina itakiita kitufe, na sehemu ya fomu isiyo na lebo itakuambia andika bila kukuambia uandike nini. Shirika la WebAIM hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja zinazotembelewa zaidi. Mwaka 2019 makosa ya ufikivu, yaani yale yanayomzuia mtu mwenye ulemavu kuutumia ukurasa, yanayoweza kugunduliwa kwa mashine yalikutwa katika asilimia 97.8 ya kurasa hizo, na mwaka 2025 katika asilimia 94.8. Ni kweli kwamba kuna nafuu, na miongoni mwa makosa yanayorudi kila mwaka ni hayohayo ya picha zisizoelezwa na fomu zisizo na lebo, ambayo fundi anaweza kuyamaliza kwa siku moja ya kazi. Lakini katika miaka sita ambayo karibu kila kampuni kubwa ilikuwa na ukurasa kuhusu utofauti, usawa na ujumuishi, asilimia tatu ni hatua fupi sana.

Sheria zimefanya kazi kubwa kuliko nia njema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, mwaka uleule NVDA ilipoanza kuandikwa, na ibara yake ya 9 inazungumzia ufikivu na ya 27 kazi na ajira. Sheria ya Ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, ikigusa biashara za mtandaoni, huduma za benki, vitabu vya kielektroniki na mashine za tiketi. Nimeona tofauti yake kwa kusikia, kwani tovuti mbili za huduma ninazozitumia kazini, ambazo zilinishinda kwa miaka, zilianza kutaja majina ya vitufe vyake katika miezi ya karibu na tarehe hiyo. Zipo pia kampuni zilizotafuta njia ya mkato kwa kununua vijiprogramu vinavyobandikwa juu ya tovuti vikiahidi kuifanya ifikike kwa mstari mmoja wa msimbo. Kwa mtumiaji wa NVDA vijiprogramu hivyo mara nyingi ni kero, kwa sababu vinaingilia amri zangu na kuniwekea tabaka jingine la kupita kabla sijafikia maandishi. Januari 2025 tume ya Marekani inayowalinda wateja ilichukua hatua dhidi ya muuzaji mmoja wa bidhaa za namna hiyo kwa kudai kwamba bidhaa yake inafanya mengi kuliko inavyoweza, na shauri likamalizika kwa malipo ya dola milioni 1.

Mwezi uleule wa Januari 2025, amri ya rais wa Marekani ilifuta programu za utofauti, usawa, ujumuishi na ufikivu katika serikali kuu ya nchi hiyo, na kampuni nyingi zilianza kuyaondoa maneno hayo kwenye ripoti zao. Watu wengi wanayajadili maneno hayo kwa hasira kutoka pande zote, nami nina maoni yangu, lakini kwa ajili ya tathmini hii nitasema hivi: asubuhi iliyofuata NVDA ilifunguka kama kawaida na kunisomea barua zangu. Jambo lililojengwa na wanaolihitaji, likawekwa wazi kwa wote, haliwezi kufutwa kwa kubadilisha kichwa cha idara. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuitumia hata sasa ambapo mwajiri wangu ananipa leseni ya JAWS.

Ina upungufu wake pia. Ni ya Windows pekee, kwa hiyo mtu aliyepewa kompyuta ya Mac atatumia VoiceOver ya Apple, ambayo ina mantiki tofauti kabisa. Kwenye majedwali makubwa ya hesabu, yenye maelfu ya safu, nimeiona ikisita mahali ambapo JAWS inapita bila shida, na kwa mhasibu ningesema ajaribu zote mbili kabla ya kuamua. Viongezi, yaani vijiprogramu vya kuiongezea NVDA uwezo, vilivyotengenezwa na watumiaji ni hazina, na tangu toleo la 2023.2 vina duka lake ndani ya programu, lakini toleo la kwanza la kila mwaka huvunja ulinganifu wa viongezi vya zamani, na mtu akisasisha bila kukagua anaweza kufika kazini Jumatatu akakuta anachokitegemea kimezimwa. Mimi hungoja wiki tatu. Kwa upande mwingine, toleo la 2025.1 limeleta ndani ya programu uwezo wa kuunganisha kompyuta mbili kwa mbali, na sasa ninaweza kumfundisha mtu aliye mbali huku nikisikia kompyuta yake inavyomsomea. Hapo awali tulifanya hivyo kwa kiongezi, na kukiweka kwa mgeni asiyeona kulikuwa kazi yenyewe.

Ninaipendekeza kwa mtu asiyeona anayetafuta kazi au aliye kazini, pasipo shaka yoyote. Lakini ninaipendekeza vilevile kwa wanaoona, hasa wanaotengeneza mifumo, na nitaeleza kwa nini. Mwaka jana ofisi yetu ilinunua mfumo mpya wa kupokea maombi ya kazi, na nikaombwa kuujaribu. Nilijaza fomu kwa dakika arubaini, nikafika mwisho, na NVDA ikanitajia kitufe, kitufe, kitufe. Vilikuwa vitatu, vyote vya picha, vyote havina jina. Nilibonyeza cha katikati, na kila nilichokuwa nimekijaza kikafutika. Niliandika taarifa, nikajibiwa kwa upole kwamba mfumo umekidhi viwango vyote.

Nilimwomba fundi aliyeutengeneza aje. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamfungulia NVDA, nikapunguza mwendo wa sauti mpaka chini kabisa, nikamwomba azime skrini na ajaribu kutuma ombi la kazi. Alikuwa mtu makini na hakufanya mzaha. Baada ya dakika ishirini alikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza, anazunguka kati ya tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, ambazo zote mbili zilitamkwa kama sehemu ya kujaza. Alivua hedifoni, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza ni amri gani inayoonyesha orodha ya vitu vyote. Nikamwonyesha F7. Akaisikiliza orodha yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na alasiri ile ile akaweka lebo kwenye fomu nzima.

Tangazo letu la nafasi za kazi lililofuata lilipita kwenye mfumo huo. Miongoni mwa maombi yaliyofika, lilikuwamo moja ambalo mwombaji aliandika katika nafasi ya maelezo ya ziada kwamba haoni, kwamba anatumia NVDA, na kwamba fomu yetu ilisomeka mpaka mwisho. Sifa zake zilitosha kuitwa. Nilimpigia simu mwenyewe kumpa siku ya usaili, nikamwambia aje na flashi yake.